Amana Iliyokuwa Ndani ya Laptopu

Kuna harufu mbili ambazo zikikutana puani mwangu hunitoa jasho hata nikiwa nimekaa chini ya feni: harufu ya singo, ile ya liwa na karafuu na mawaridi anayosingwa bibi harusi, na harufu ya plastiki iliyopata moto. Moja moja hazinifanyi kitu. Zikiwa pamoja narudi chumba cha uani nyumbani kwetu Jadida, Wete, nina miaka kumi na mmoja, na nimeshika kitu ambacho sikutumwa kukishika. Nyinyi wa rika langu mnajua, kila mtu ana lake la utotoni analolikwepa. Hili ndilo langu, na nikilisema nusu nitakuwa nimefanya uovu ule ule mara ya pili, kwa hivyo nalisema lote.

Singo ilikuwa mikononi mwa shangazi Raya, mdogo wake baba. Aliachwa na mumewe Unguja, akarudi kwetu na sanduku moja, kamera ndogo, na laptopu nzito ya mtumba iliyokuwa ikichemka hata huwezi kuipakata. Baba akampa chumba cha uani. Hakumaliza hata mwezi, mfanyabiashara mmoja mtu mzima wa Mkoani akaleta posa, amwoe mke wa pili. Shangazi akasema, "Kaka, niache kwanza. Nikishindwa kujiweka mwenyewe, n'tasikiliza." Baba si mtu wa maneno mengi, akamwachia. Kwa hivyo kila mtu nyumbani alijua, hata mimi mtoto nilijua, kwamba kazi ya ile laptopu ndiyo iliyokuwa ikimpa shangazi nafasi ya kukataa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kurikodi harusi, upande wa wanawake. Kwetu sherehe ya wanawake haiingii mwanamume. Mabuibui yanavuliwa mlangoni, simu zinakusanywa kwenye beseni, na humo ndani mtu anacheza atakavyo, nywele wazi, mabega wazi, hina mpaka kwenye viwiko. Kabla ya shangazi, watu wa Wete ama hawakurikodi, ama kazi ilipelekwa Unguja kwa mtu wasiyemjua. Yeye alipiga mwenyewe, akaediti mwenyewe, ameupa ukuta mgongo ili anayeingia chumbani asione kioo. Baba akitaka kumwambia kitu alianza kukohoa tangu jikoni. Na kila sherehe ikiisha, mama wa bibi harusi humshika mkono na kumwambia, "Raya, nakupa amana." Naye hujibu, "Nimeipokea, na Mungu ni shahidi." Mimi nilikuwa mbebaji wa mfuko wa waya, nimesimama pembeni yake nimejivuna kama amana nimepewa mimi.

Sasa, mimi skulini nilikuwa wa kwanza kwa Kiingereza, na sifa zilikuwa zimenipanda kichwani vibaya sana. Mwalimu alikuwa akinisimamisha nisomee darasa la juu yetu. Nilikuwa nimeshaamini kwamba hakuna maandishi ya Kizungu yatakayonishinda, na mtoto akishaamini hivyo, basi tena, muombeeni.

Zuwena, niliyekuwa nikikaa naye dawati moja, aliniletea flashi yenye gemu ya kuendesha magari. Kwao alikuwa akiicheza kwenye kompyuta ya kaka yake na kila asubuhi alinihadithia jinsi anavyopita kwenye daraja. Nikamwambia na sisi tunayo laptopu, tena ya kazi, si ya kuchezea. Alasiri moja shangazi akatoka kwenda kumsinga bibi harusi mwengine, akaniachia chumba niangalie nguo zilizoanikwa isije ikanyesha. Nikachomeka flashi. Gemu ikakataa. Ikaleta maneno kwamba memori ya picha haitoshi.

Mtoto mwengine angeishia hapo. Mimi nikakumbuka kwamba laptopu ile ikiwashwa huonesha mstari chini wa kueleza ubonyeze kitufe gani uingie kwenye mipango yake ya ndani. Nikaizima, nikaiwasha, nikabonyeza. Kikaja kioo cha buluu kilichojaa maandishi meupe. Nikashuka mstari mmoja mmoja na kamusi yangu mapajani, mpaka nikaona hiyo memori ya picha, na mbele yake namba ndogo. Nikabonyeza, namba zikapanda, na ya mwisho ilikuwa GB moja. Nikasema, kama dogo halitoshi, weka kubwa. Nikahifadhi, nikatoka.

Na gemu ikakubali. Nisiwafiche, ilicheza vizuri mno. Nilipita daraja la Zuwena mara mbili, nikaangusha gari baharini, nikacheka peke yangu chumbani. Kisha nikatoa flashi, nikafunga kioo, nikatandika juu kanga aliyokuwa akiifunikia, kama alivyoiacha, nikaenda kuanua nguo.

Wakati ule kazi iliyokuwa ndani ni ya Bi Mize, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Alikuwa kamwoza binti yake kwa kijana anayefanya kazi Maskati, na maharusi walikuwa wanaondoka Jumamosi. Bibi harusi alitaka asafiri na harusi yake, akifika ugenini akishikwa na ukiwa awe na pa kuwaangalia mama zake na dada zake. Shangazi alikuwa keshafika mbali. Ilibaki kuunganisha na kutoa.

Jioni ile akakaa, akawasha, akaanza. Nikasikia, "Alaa!" Picha zilikuwa zinakwenda zinasita, zinakwenda zinasita, kisha programu yote ikajifunga. Akaiwasha tena. Ikajifunga tena. "Hino mashine ina nini leo?" Kesho yake hivyo hivyo. Ikifika kati ya kazi inakwama, anaanza upya, inakwama. Hakula mchana. Akaniita.

"Mwanangu, hukuigusa hino?"

"Sikuigusa, shangazi."

"Hata kwa kufuta vumbi?"

"Wallahi sikuigusa."

Akanitazama kidogo, akarudi kwenye kazi yake. Baba alikuwa kapita uani, akasema kwa mbali, "Watoto hawa, Raya, usiwaamini sana." Shangazi akamjibu pale pale, bila kugeuka, "Wangu haapi uongo, kaka." Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka.

Mtaniuliza, kwa nini hukuirudisha ile namba kama ilivyokuwa? Ndipo hapo ujinga wa mtoto mwerevu ulipo. Siku ya pili shangazi alipoingia kuoga niliiwasha, nikabonyeza kitufe, nikafika kwenye kile kioo cha buluu. Safari hii nikaona pembeni maneno ambayo mwanzo sikuyajali. Yalisema kuwa mtu akiweka kiwango kisichofaa, mashine huenda ikaharibika. Nikafungua kamusi yangu. Neno la kuharibika nikalipata. Hilo la "huenda" nikaliruka, nililiona dogo halina kazi. Kwa hivyo mimi, wa kwanza kwa Kiingereza, nikasoma onyo nikadhani ni hukumu: imekwishaharibika, na aliyeiharibu ni mimi. Niliona kurudisha namba ni sawa na kumfunga bendeji maiti. Mlango wa choo ukalia, nikaizima haraka, nikakimbilia uani.

Alkhamisi shangazi akafanya jambo ambalo alikuwa akisema hatalifanya mpaka afe. Akaifunga laptopu kwenye mtandio, akavaa buibui, akanishika mkono tukaenda mjini kwa fundi. Wakati ule fundi mwanamke hatukumjua hata mmoja. Yule alikuwa kijana mpole, duka lake dogo, meza mbele, benchi moja pembeni ambalo halikosi watu wawili watatu wanaopitisha muda. Shangazi hakumpa laptopu mpaka walipokubaliana.

"Humu mna mambo ya wanawake, fundi. Tengeneza chuma, vyengine sivyo vyako."

"Dada, mie kazi yangu chuma. Siangalii vya watu."

"Niapie."

Akaapa. Akaangalia muda mrefu, akasema ni windo, ile programu inayoiendesha mashine, ndiyo iliyochoka, afute kila kitu apige windo upya, lakini kwanza anakili vitu vyake kwenye kompyuta yake visipotee. Shangazi akasimama pale muda, anakunja na kukunjua ncha ya mtandio. Jumamosi ilikuwa kesho kutwa. Akasema haya, nakili, lakini usifungue. Akakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni tangu asubuhi. Adhuhuri ikaadhiniwa, naye bado hajasali. Akaniinamia sikioni.

"Nakwenda kusali kwa bibi Salama hapo nyuma, narudi sasa hivi. Kaa hapa usibanduke. Ukiona kafungua picha, mbio uje uniite. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Nilikaa. Sikubanduka. Macho yangu lakini hayakuwa kwenye kompyuta ya fundi, yalikuwa kwenye mdomo wake. Kwa sababu mimi nilikuwa na hofu moja tu duniani: kwamba fundi ataona ile GB moja niliyoiweka, atageuka aseme, "Nani kaingia humu?" Nilikuwa namsubiri aseme.

Hakusema. Alichofanya, alimaliza kunakili akataka kujua kama vitu vimekuja salama. Akabonyeza kimoja. Vigelegele vikajaa duka zima.

Nilivijua vigelegele vile, nilikuwepo siku ile nimeshika waya. Binti wa Bi Mize alikuwa kavaa gauni la kijani, nywele kazibwaga, anacheza na shoga zake. Wale wawili wa kwenye benchi wakainuka wakaja kuchungulia juu ya bega la fundi. Mmoja akacheka. Mwengine hakucheka, akasogea karibu zaidi, kisha akasema taratibu, "Huyu si mke wa ndugu yetu?" Fundi akababaika akafunga. Yote hayo hayakuzidi muda wa kunywa glasi ya maji, lakini nilikuwa na nafasi ya kukimbia kwa bibi Salama mara tatu. Sikuinuka. Nilijiambia nikimwita shangazi patakuwa na ugomvi, na kwenye ugomvi fundi atalisema langu. Nikakaa nimebana magoti.

Shangazi aliporudi, uso bado una maji ya udhu, akaniuliza, "Kafungua?"

"Hakufungua."

Akanipapasa kichwa.

Laptopu ikarudi nyumbani alasiri, safi, imefutwa, imepigwa windo mpya, na vitu vyake vimerudishwa humo. Shangazi akaiwasha, akajaribu kuunganisha, na ikakwama vile vile. Hakuna alichokigusa fundi kilichofika pale nilipopagusa mimi. Alikuwa bado anaitazama pale Bi Mize alipoingia. Hakupiga hodi, hakusalimu, na Bi Mize ni mtu ambaye hata akija kuomba chumvi huuliza hali ya kila mmoja mpaka kuku. Alisimama katikati ya chumba na buibui lake.

"Raya, nilikupa nini?"

Shangazi akainuka. "Amana, Bi Mize."

"Iko wapi?"

Shangazi akaiangalia laptopu.

"Shemegi yake kamwona mwanangu dukani kwa fundi, mbele ya wanaume, kichwa wazi. Kaja kutuambia nyumbani, mbele ya mumewe. Mwanangu yuko ndani analia hataki kutoka. Mie nakuuliza, iko wapi?"

Shangazi akageuka akanitazama. Nadhani alikuwa ananisubiri niseme kitu, mimi niliyekaa pale dukani. Nikaangalia chini. Akamgeukia Bi Mize, akasema, "Nimekosa. Ni mimi niliyeipeleka." Hakunitaja. Hakusema nilimwachia mtoto aangalie. Alipiga magoti pale kwenye mkeka, mtu mzima, akamshika Bi Mize miguu, na Bi Mize akaitoa miguu yake akaondoka.

Maharusi walisafiri Jumamosi. Harusi yao hawakuipata, si kwa shangazi, ambaye mashine yake haikuweza kuitoa, wala kwa fundi, maana baba wa yule binti na mumewe walikwenda wakasimama juu ya kichwa cha fundi mpaka akaifuta yote. Mjini kwetu maneno hayahitaji miguu. Harusi mbili zilizokuwa zimemwita shangazi zikatuma mtoto kuja kusema basi, wameghairi. Baadaye hakuna aliyetuma hata mtoto. Shangazi akawa anakaa uani anachambua mchele ambao mama alishauchambua. Baba hakumwambia lolote. Haikupita muda mrefu shangazi mwenyewe akamfuata barazani akasema, "Kaka, yule mtu wa Mkoani kama bado anauliza, mwambie haya."

Harusi yake haikupigwa picha hata moja. Alikataa. Alikaa ndani kapambwa, mikono yake aliyowasingia wenzake imesingwa na mwengine, na mimi nilipita na sinia la halua nikiwakaribisha wageni, nikisifiwa jinsi nilivyokuwa na adabu. Alipoondoka alinipa ile laptopu. "Ni nzito, ina maradhi yake, lakini kwa kuandika itakufaa. Soma, mwanangu." Niliitia chini ya kitanda na sikuiwasha miaka.

Niliiwasha nilipokuwa chuo. Nilikwenda kusomea kompyuta, msiniulize kwa nini, jibu mnalo. Siku hiyo mwalimu alikuwa akitueleza kwamba laptopu nyingi hazina memori ya picha ya peke yake, huikata kwenye ile ile inayofanyia kazi nyengine. Yote ni chungu kimoja, akasema, ukimjazia mmoja sahani wengine wanabaki na ukoko. Ukiona umekosea, unarudi, unapunguza, basi. Wenzangu wakaandika. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Likizo ilipofika nilirudi Jadida, nikaivuta laptopu chini ya kitanda, nikaichomeka, nikaingia kwenye kile kioo cha buluu, nikairudisha namba ya mwanzo. Ikawaka ikaenda kama zamani. Ilikuwa nzima siku zote.

Siku hizi nina meza yangu mjini, natengeneza simu na laptopu, na wanawake wanakuja kwangu kutoka mpaka Kojani kwa sababu mimi ni mwanamke mwenzao. Wananiambia, "Afadhali umekuwepo wewe, tunajua vyetu viko salama." Natabasamu, napokea. Usoni panawaka moto. Nafasi ile ilikuwa na mwenyewe, na niliyemtoa ni mimi.

Mwezi uliopita nilikwenda Mkoani. Nilimkuta shangazi Raya jikoni kwake, kanenepa kidogo, anakata bamia. Watoto wake wako skuli. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanisukumia kibao nikae, akaanza kuniuliza habari za baba. Nikamwambia shangazi, ngoja, nina neno. Nikamwambia yote. Gemu, namba, kiapo, duka la fundi, wale wawili wa benchini. Nilikuwa nimejipanga nisilie na sikulia, maana nilihisi hata kulia mbele yake ni kumwomba kitu.

Alikuwa kaacha kukata. Kitu cha kwanza alichoniuliza hakikuwa cha mashine.

"Waliona mpaka wapi?"

"Anacheza. Halafu fundi akafunga."

"Kule anakochezwa na bibi yake, akifundwa mambo ya ndani, hawakufika?"

"Hawakufika, shangazi."

Akashusha pumzi. Miaka yote ile, kumbe hilo ndilo alilokuwa nalo. Kisha akauliza, "Na hiyo namba, kuirudisha ni kazi kubwa?"

"Si kazi. Ni kubonyeza tu."

Akaokota bamia moja, akaigeuzageuza, akaiweka chini bila kuikata. Nilitaka anitukane. Nilitaka aseme amenisamehe. Hakusema hata moja.

"Ungeniambia, ningekupiga," akasema. "Wallahi ningekupiga siku ile ile, ungelia, halafu tungekaa tukala."